Likabili Jambo Likiwa Dogo: Ninayowaambia Wanangu

Wanangu sasa ni watu wazima na kila mmoja anajitegemea. Wakinitafuta kwa ushauri, iwe ni habari ya kazi, deni, ndoa au afya, najikuta narudia neno lile lile: likabili jambo likiwa bado dogo. Mkubwa wao husema jibu langu analijua kabla sijafungua kinywa. Nimeamua kuliandika kwa kirefu kwa sababu neno hilo likisemwa kwenye simu, kwa dakika mbili, linasikika jepesi kuliko lilivyo.

Kwa nilivyoona mimi, wengi wanaozidiwa na maisha si wavivu. Wanazidiwa na aibu. Mtu anajua kabisa kwamba kuna tatizo, ila anaogopa kulitazama kwa sababu anaona likitajwa litamvunjia heshima. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta tumeiimba tangu shuleni, na bado ufa tunauona kila asubuhi na kuutundikia kalenda.

Tuanze na deni, maana ndilo linalowatesa vijana wengi kimya kimya. Binti yangu alikuja kutusalimia, akaiweka simu yake mezani kifudifudi. Kila ilipotetema mkono wake ulikwenda wenyewe, ukabonyeza kitufe cha pembeni, simu ikanyamaza, naye akaendelea na mazungumzo bila hata kuitazama. Nikamuuliza, "Mama, nani huyo anayekutafuta hivyo?" Akacheka kwanza. Halafu machozi yakamlengalenga. Alikuwa amekopa hapa na pale kwa njia ya simu, na mkopo wa pili aliuchukua ili kulipa wa kwanza.

Sikumhubiria. Tulichukua karatasi tukaigawa safu nne: nani anadai, anadai kiasi gani, riba ni asilimia ngapi, na mwisho wa kulipa ni lini. Ilimchukua muda kuandika mstari wa kwanza kuliko mingine yote. Tulipojumlisha, jumla ilikuwa chini ya ile aliyokuwa akiibeba kichwani. Nimeliona hilo kwa watu wengine pia, kwamba hofu isiyoandikwa haina kipimo.

Kisha tukakaa na hesabu ya riba, na hapa naomba kila kijana asimame kidogo. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi inasikika ndogo. Wengi hupiga hesabu kwamba ukikopa 100 ukakaa mwaka mzima bila kulipa, utadaiwa 220. Lakini kama riba inaongezwa juu ya riba kila mwezi, baada ya miezi 12 utadaiwa karibu 314. Zaidi ya mara 3 ya ulichokopa, bado hujagusa faini za kuchelewa. Kwa hiyo, ukiwa na madeni kadhaa, lipa kiwango cha chini kinachotakiwa kwa kila moja, halafu chochote kinachobaki kipeleke kwenye deni lenye riba kubwa, hata kama si lenye jumla kubwa. Na mtafute anayekudai kabla hajakutafuta. Ukimpigia kabla ya tarehe kufika na ukamwambia utaweza kiasi gani na lini, mara nyingi mtapata la kuzungumza. Binti yangu alipiga simu zile palepale mbele yangu, na sauti yake ilibadilika kati ya simu ya kwanza na ya mwisho.

Ugomvi wa nyumbani nao una namna yake. Wazee hutuambia tusilale na kinyongo. Naiheshimu nasaha hiyo, lakini siifuati yote. Usiku watu wamechoka, na aliyechoka husema maneno ambayo asubuhi hawezi kuyarudisha. Mimi na mama yao tulizoea kuambiana, "Hili limeniuma, tutalizungumza kesho," kisha tunalala. Sharti ni moja tu: kesho ikifika lizungumzwe kweli, na anayelianzisha awe yule aliyeomba lisubiri. Bila sharti hilo, kesho inakuwa mwezi ujao, na siku litakapolipuka mtagombana kuhusu chumvi kumbe chanzo ni kingine kabisa.

Mwili nisiuzungumzie sana, ila shinikizo la damu mlikumbuke. Mara nyingi halina dalili yoyote. Mtu anatembea, anafanya kazi, anacheka, kumbe vipimo viko 140 kwa 90 au zaidi, na namna ya kujua ni kupima tu. Kupima hakuumi. Nenda ukiwa mzima.

Sasa kukua. Kijana akiamua kubadilika hutaka kubadilisha kila kitu Jumatatu hiyo hiyo: aamke alfajiri, asome, afanye mazoezi, aache simu. Anza na kimoja, tena kidogo kiasi kwamba hata siku mbaya utakiweza. Kurasa mbili za kitabu. Dakika kumi za kutembea. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu waliokuwa wakijijengea tabia mpya, wakaona kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 tabia kuwa kitu cha kujiendea chenyewe. Wengine ilionekana kuwachukua siku 18 tu, wengine 254. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu mwendo. Jambo hilo la mwisho ndilo ninalowasisitizia wanangu, kwa sababu siku iliyorukwa ndiyo inayowakatisha tamaa wengi. Ukiruka leo, rudi kesho, na usijiongezee mzigo wa adhabu.

Si kila dogo ni la kukabiliwa, lakini. Kuna maneno ya watu, kuna dereva aliyekutukana njiani, kuna mwenzako kazini aliyekukalia kimya asubuhi moja. Ukiyafukuza yote hayo utachakaa. Jiulize: nikiliacha hili, litakua? Deni linakua, na kinyongo kwa unayeishi naye kinakua. Umbea wa mtu usiyemjua, ukiunyima majibu, kwa kawaida unaisha wenyewe.

Na wazazi wenzangu, hasa akina baba, lipo letu hapa. Mtoto anayeficha tatizo mara nyingi alijifunza kuficha kwetu. Alikuja siku moja na dogo, tukamfokea kama kubwa, naye akahesabu kwamba ni nafuu kunyamaza. Akija na habari mbaya, msikilize mpaka amalize, kisha muulize amekwama wapi. Makosa yake mtayazungumza, muda wake upo, hata kesho au keshokutwa. Ila siku ile ya kwanza kaeni na karatasi kwanza.