Upanga wa afisa wa Kijerumani: maandishi baadaye, anza na uchakavu

Mkuu, umeuliza kama upanga ulioonyeshwa na yule muuza vitu vya kale wa Arusha ni halisi: mpini uliozungushiwa waya, tai kwenye kinga ya mkono, ala inayong'aa, taji na herufi W na namba 14 kwenye mgongo wa upanga, pamoja na hadithi kwamba ulikuwa wa afisa aliyepigana Tanga mwaka 1914. Bei milioni tatu. Mimi naishi Remscheid, jirani na Solingen, mji ambako panga nyingi za jeshi la Ujerumani zilitengenezwa, na nina miaka kumi na mbili ya kuzikusanya. Nitakujibu, ila nianze na aibu yangu.

Mwaka wangu wa pili nilinunua upanga wa afisa wa askari wa miguu, mtindo wa 1889 kama huo wako, kwenye soko la mitumba la Jumapili. Alfajiri, mvua ya rasharasha, tochi mdomoni. Euro 380. Nilipoufikisha nyumbani nikauweka mezani chini ya taa, mke wangu akaniuliza mbona umenyamaza ghafla. Ala ilikuwa na weupe wa kibuluu. Hiyo ni kromu. Nikeli ina umanjano kwa mbali, na ndiyo waliyotumia enzi za Kaisari, mtawala wa Ujerumani yote hadi 1918. Kromu ilianza kushika viwandani miaka ya 1920. Na mimi kazi inayonilisha ni kuchovya vyuma nikeli na kromu! Nimepigwa kwenye fani yangu mwenyewe.

Haikuishia hapo. Kinga ya mkono ilikuwa na tai wa Prussia, lakini kwenye mpini kulikuwa na herufi FAR zilizosukwa pamoja: Friedrich August Rex, mfalme wa Saxony kuanzia 1904 hadi 1918. Mpini wa Prussia ungekuwa na herufi za Wilhelm wa Pili, aliyekuwa Kaisari na pia mfalme wa Prussia. Ujerumani ile ilikuwa na falme nne chini ya Kaisari, yaani Prussia, Bavaria, Saxony na Württemberg, na kila moja ilikuwa na nembo zake. Upanga wangu ulikuwa kama gari lenye namba ya Tanzania mbele na ya Kenya nyuma.

Sasa sikiliza vizuri: kila kipande cha upanga ule kilikuwa cha zamani kweli. Ila havikuzeeka pamoja. Feki nzimanzima zinazotoka viwandani huko Asia utazigundua upesi, shaba yake ina vishimo vya kalibu na michoro imefifia. Linalowaumiza wakusanyaji ni viporo vitatu vilivyounganishwa kuwa upanga mmoja.

Kwa hiyo siku hizi nikishika upanga naanzia juu, kwenye kichwa cha mpini. Mkia wa chuma hupita ndani ya mpini, ukatokeza kwa juu, ukagongwa nyundo mpaka ukatanuka kama kichwa cha ribiti. Kitazame kwa lenzi ya sonara. Kama kina rangi ileile ya shaba inayokizunguka, na uchafu wa miaka umejaa kwenye mshono, hakijawahi kufunguliwa. Ukiona alama za tupa au mng'ao mpya, kuna mtu aliingia humo. Halafu chini ya kinga, pale bapa linapoanzia, tafuta washa ya ngozi. Ya zamani imekauka, imebanwa, imepata weusi. Ngozi laini yenye harufu ya duka, weka alama ya kuuliza.

Chomoa upanga taratibu. Uliotumika una mikwaruzo myembamba ya kwenda urefu wake, inayotokana na mdomo wa ala, na mikwaruzo hiyo inapita hata juu ya michoro. Mikwaruzo ya kukatisha upana ni ya msasa. Kuhusu michoro yenyewe, ile ya asidi sakafu yake ni ya kijivu, imechakaa bila mpangilio. Ya leza ina vistari vilivyolingana kama shamba lililolimwa kwa trekta. Na mtu akikuambia bapa ni la chuma cha Damaski, yaani kile chenye mawimbi ya tabaka zilizofuliwa pamoja, geuza utazame mgongo. Mawimbi ya kweli yanapita mpaka mgongoni. Ya kuchorwa yanakoma ubavuni.

Baada ya hapo ndipo nasoma maandishi. Taji, W na tarakimu mbili za mwaka ni muhuri wa ukaguzi wa silaha za serikali. Maofisa walijinunulia panga zao, na mara nyingi hazina muhuri huo. Kwa hiyo upanga wa afisa wenye muhuri si lazima uwe feki, ila muuzaji asiufanye ndio ushahidi wa uafisa; unaweza kunong'ona kinyume chake. Tena, kuanzia 1905 ala zilipakwa rangi nyeusi. Upanga wa 1914 ndani ya ala inayong'aa unataka maelezo.

Alama ya kiwanda nayo inasaidia. Ukiona vichwa viwili, cha mfalme na cha shujaa mwenye kofia ya chuma, hiyo ni Weyersberg, Kirschbaum & Co.; kampuni mbili ziliungana 1883 kila moja ikaja na kichwa chake. Kindi ni wa Eickhorn. Lakini usishangae kukuta jina la duka la sare badala ya kiwanda, ilikuwa kawaida.

Kuhusu vita vya Tanga: bila barua, picha au jina linaloweza kufuatiliwa, hiyo hadithi usiilipie hata shilingi. Lipia chuma.

Ule wangu niliuuza kwa euro 90, nikamwambia mnunuzi kila kitu.

Rudi kwa yule muuzaji uupige upanga picha tatu: kichwa cha mpini kwa karibu, herufi zilizo kwenye mpini, na mdomo wa ala upanga ukiwa umechomolewa nusu. Piga mchana kivulini, bila flashi, ili rangi ya ala isidanganye. Na mwombe asiupige Brasso kabla hujafika.