Bunduki ya marehemu baba inaniumiza: nikate mtutu?

SWALI: Asalaam aleikum, mwalimu. Nina shamba la mahindi na migomba upande wa Konde, Pemba. Marehemu baba ameacha bunduki ya marisau ya mitutu miwili, namba 12, na kibali sasa kipo kwa jina langu. Naitumia kufukuza tumbili. Mimi ni mwembamba, na kila nikipiga, mkono wa juu unavilia damu kwa siku kadhaa. Fundi mmoja anataka aikate mitutu iwe nyepesi, kisha afunge sponji kwenye kitako. Kaka yangu anasema nisihangaike, nitazoea. Nifanye nini?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Fundi huyo usimpelekee bunduki. Na kaka yako, mwambie kwa heshima zote kwamba teke la bunduki halizoeleki.

Nianze na hilo la kuzoea, maana ndilo linaloniudhi kuliko yote. Nimelisikia kwa askari, kwa wasasi na kwa wenye mashamba kama wewe. Mwili hauzoei maumivu, unajifunza kuyaogopa mapema. Siku za mwanzo bega linauma baada ya mlio. Baadaye, kabla hata hujamaliza kufyatua, macho yanafumba, bega linajitupa mbele na mkono unauvuta mdomo wa mtutu chini. Mpigaji mwenyewe hajui, kwa kuwa mlio na teke vinafunika kila kitu. Ukitaka kuliona, uwe mahali salama pa kupigia shabaha, mtu mzoefu akutilie risasi huku umegeuza uso: mara ya kweli, mara bandia ya mazoezi. Ikija ile bandia hakuna mlio wa kuficha, na utauona mtutu unazama karibu shibiri nzima. Nimewaona wanaume wenye vifua vipana, waliokuwa wakiapa kwamba hawasikii kitu, wakiangalia mtutu wao unavyoinama na wasiamini macho yao. Bunduki inayozama haipigi unapotazama, na nyuma ya migomba kuna watu.

Sasa hilo la kuifanya nyepesi. Teke ni hesabu: kile kinachotoka mbele, kwa uzito na kasi yake, dhidi ya uzito wa bunduki inayobaki mikononi. Risasi ya gramu 36 za marisau, yaani zile punje ndogo ndogo zinazotoka mtutuni, ikienda kwa kasi ile ile ya risasi ya gramu 24, inarudisha begani nishati zaidi ya mara mbili. Na bunduki ya kilo 3 ukiipunguza ikawa kilo 2 na nusu, kwa risasi ile ile, nishati ya teke inapanda kwa moja ya tano. Kwa hiyo fundi anayekuahidi nafuu kwa kupunguza uzito anakuongezea maumivu, tena kwa pesa yako. Mtutu ukiwa mfupi, mlio nao unasogea karibu na masikio. Na kama mitutu yako ina ule ubano ulio karibu na mdomo, unaoyazuia marisau yasitawanyike ovyo, msumeno utauondoa na haurudi. Tena kibali kimetolewa kwa silaha ile kama ilivyo. Umbile lake halibadilishwi kienyeji bila polisi kujua.

Neno kubwa katika swali lako ni "mkono wa juu". Hukusema bega. Damu ikivilia pale, kitako hakikai mahali pake, na mara nyingi ni kwa sababu ni kirefu kwa mtumiaji. Ifungue bunduki kwa kuikunja kwenye bawaba, hakikisha chemba zote mbili, pale risasi zinapokaa, ni tupu, tazama tena, kisha ifunge na uipandishe ukiielekeza pasipo na mtu. Shavu liguse ubao, kitako kiingie katika shimo lililo kati ya mtulinga na kifundo cha bega. Kati ya pua yako na kidole gumba cha mkono unaofyatua pawe na nafasi ya vidole viwili au vitatu. Ikizidi hapo, kitako ni kirefu kwako, na mkono wako utaendelea kuvilia hata ukinenepa. Dawa yake ni fundi mwenye leseni apunguze ubao kidogo na kuweka mpira mgumu uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Sponji ya godoro inabonyea mara moja ikaisha, na kabla ya kubonyea imekiongezea urefu kitako ambacho tayari kimekuzidi.

Masikio nayo yana sehemu yake. Mlio wa bunduki ya marisau unapita desibeli 150, na sehemu ya kule kushtuka ni hofu ya mlio. Pamba haisaidii kitu. Nunua vizibo vya masikio au vifuniko vyake. Mkono ukifa ganzi au maumivu yakipita wiki, acha kupiga na uende hospitali.

Kuhusu risasi, kwa kufukuza tumbili unachohitaji ni mlio, na risasi ya gramu 24 inao wa kutosha. Wapo watakaokushauri uuze hiyo ununue namba 20, ambayo mtutu wake ni mwembamba kuliko wa namba 12 ingawa tarakimu ni kubwa, ati ndiyo ya wanawake. Namba 20 nyingi ni nyepesi, na ukiitia gramu 28 itakupiga kuliko namba 12 nzito yenye gramu 24. Mwili wako hauna kosa lolote.

Lakini ukishaanza kutafuta risasi nyepesi, na hili nawaambia wote waliorithi bunduki za wazee, msinunue kwa kupima kama inaingia. Bunduki nyingi za zamani za Uingereza zina chemba ya milimita 65. Risasi ya milimita 70 hupimwa ganda likiwa limefunguka; kabla ya kupigwa, mdomo wake umekunjwa na haifiki milimita 60, kwa hiyo inaingia bila tabu. Ikipigwa, mdomo unafunguka ndani ya sehemu nyembamba na shinikizo linapanda kuliko mtutu ulivyokusudiwa kubeba. Urefu wa chemba mara nyingi umepigwa muhuri chini ya mitutu, na pasiposomeka, fundi mwenye leseni anaupima.

Kibaya zaidi ni kuchanganya namba. Risasi ya namba 20 ikitiwa kwenye namba 12 inateleza, inakwama mbele ya chemba. Unafungua, unaona patupu, unadhani ulisahau, unatia ya namba 12 nyuma yake. Mtutu unapasuka pale pale mkono wa mbele uliposhika. Ndiyo maana namba 20 hutengenezwa kwa ganda la manjano, lakini mwenye kuuza risasi za rejareja ndani ya mfuko wa plastiki hakwambii hayo.

Lifungue sanduku la baba, uzitoe risasi moja moja mchana kweupe. Weka kando za manjano, zilizovimba, zenye kutu, na zile ambazo maandishi yake hayasomeki. Usizichome, usizitupe chooni wala baharini. Nenda kituo cha polisi na kibali chako, uwaeleze unazo ngapi na zipo wapi, wakupangie namna ya kuzikabidhi.