Cheti cha Dawa Kimesimama Wapi? Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Famasia

Kila mwaka wanafunzi wa mafunzo ya kazini na wahitimu wapya huingia famasia za hapa Kisumu wakizijua vizuri dawa, dozi na madhara yake, lakini karibu wote hutatizwa na jambo moja ambalo hawakufundishwa darasani. Mgonjwa amesimama dirishani, anasema daktari ameshamwandikia dawa kwenye kompyuta, nao wakitazama kompyuta yao hawaoni chochote. Jibu linalowatoka upesi ni "Rudi kwa daktari." Mgonjwa hurudi, hupanga foleni upya, huambiwa kwamba dawa zake zilishaandikwa tangu saa nne, kisha huletwa tena dirishani akiwa amechoka maradufu. Nimelitoa jibu hilo mara nyingi nilipokuwa mgeni kazini, na ninawaandikia ninyi mnaoanza ili kwenu liwe jibu la mwisho baada ya kutafuta, si la kwanza.

Wengi hudhani kwamba cheti cha kielektroniki husafiri kama ujumbe wa simu, kikitoka kwa daktari na kutua famasia. Ndani ya hospitali, kwa kawaida, hakisafiri hata kidogo. Daktari au afisa wa kliniki hufungua faili ya mgonjwa, huandika dawa, nguvu yake, kipimo, mara ngapi kwa siku na kwa siku ngapi, kisha huthibitisha. Maandishi hayo hukaa katika hifadhi moja ya data inayotumiwa na idara zote, na kompyuta ya famasia huonyeshwa yale tu yaliyotimiza masharti: yamethibitishwa, yameelekezwa kwenye dirisha lile, na malipo au bima imekubaliwa. Sharti moja likikosekana, cheti kipo ila wewe hukioni. Kwa sababu hiyo, usijiulize kama cheti kimepotea. Jiulize kimesimama wapi na kinamsubiri nani.

Katika nchi nyingine safari hiyo ni ndefu zaidi. Uingereza, mgonjwa huchagua duka la dawa analolipenda, na cheti hukaa katika mfumo mkuu wa taifa mpaka duka hilo likichukue. Marekani hupitishwa kwenye mtandao wa kati hadi duka ambalo mgonjwa amelitaja, na Estonia, tangu 2010, mgonjwa huonyesha kitambulisho chake cha taifa katika duka lolote na cheti kikafunguliwa. Kwetu Kenya, Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imeweka msingi wa kuunganisha taarifa za afya nchini, lakini mgonjwa ninayemwelekeza kemisti ya nje kwa kawaida bado hubeba karatasi mkononi. Nalisema hili ili msomapo miongozo ya kigeni mjue ni sehemu gani inayowahusu.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni kwa mwandishi mwenyewe. Mifumo mingi hutenganisha kuhifadhi na kuthibitisha, na daktari aliyeitwa ghafla kwa mgonjwa mahututi huweza kuhifadhi na kuondoka, akiamini amemaliza. Mahali pa pili ni dirisha. Hospitali kubwa huwa na famasia ya wagonjwa wa nje, ya waliolazwa, na pengine ya kliniki ya kisukari na shinikizo la damu, na orodha ya madirisha hayo hufunguka mbele ya daktari kwa mbofyo mmoja. Katika hospitali nilikoanzia kazi, mama mmoja aliyetoka upande wa Ahero na mtoto mwenye homa ya mapafu aliketi mbele ya dirisha langu kwa zaidi ya saa mbili huku cheti chake kikiwa katika famasia ya waliolazwa, hatua 40 kutoka nilipokuwa. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa na ruhusa ya kufungua orodha ya dirisha lile jingine, nami sikuifungua kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba inafaa kufunguliwa. Sasa nawaambia ninyi: kabla ya kumrudisha mgonjwa, tafuta kwa namba yake ya faili katika madirisha yote.

Nimesema namba ya faili, na ninasisitiza, kwa sababu huku kwetu jina halitoshi. Watoto wengi wa Kijaluo hupewa jina kwa wakati waliozaliwa, kwa hiyo asubuhi moja dirishani unaweza kuwa na Akinyi watatu na Otieno wanne, na pacha hukujia wakiwa Opiyo na Odongo, wenye tarehe moja ya kuzaliwa, namba moja ya simu ya mama, na kimo kinacholingana. Karani wa usajili asipoipata faili ya zamani upesi hufungua mpya, na mgonjwa akawa na faili mbili: daktari ameandika katika moja, wewe unatazama nyingine. Wazee wasiokumbuka tarehe yao ya kuzaliwa nao huandikiwa tarehe 1 Januari, ikawa kipengele hicho hakimtofautishi mtu na mwenzake. Ukimkuta mgonjwa mwenye faili mbili usinyamaze. Peleka namba zote mbili kwa kitengo cha kumbukumbu ziunganishwe siku hiyo hiyo, la sivyo mwezi ujao atakapokuja kuchukua dawa za shinikizo la damu mtayarudia yale yale.

Nikae kidogo kwenye suala la akiba ya dawa, kwa maana kwa uzoefu wangu hapa ndipo saa nyingi zaidi hupotea, na hapa famasia haina wa kumlaumu ila yenyewe. Daktari huandika kile anachokiona katika orodha. Ikiwa orodha inasema amoksisilini ya maji ipo, naye ataiandika, hata kama chupa ya mwisho ilitoka jana jioni na hakuna aliyeipunguza kwenye kompyuta. Cheti kitakufikia kikiwa kamili, utakwenda kwenye rafu, hutakuta kitu, nawe huna ruhusa ya kubadilisha dawa kwa hiari yako. Hapo huanza kumtafuta daktari, ambaye huenda ameshaingia wodini. Dakika 15 za asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, zitumieni kuhesabu zile dawa 20 au 30 zinazotoka sana na kulinganisha hesabu na kompyuta, kisha wapelekeeni madaktari orodha fupi ya zilizokwisha, zilizobaki kidogo, na mbadala uliopo. Katika eneo hili la ziwa, ambako malaria haitupi mapumziko, mimi huanza na AL, yaani tembe za malaria za artemether na lumefantrine. Pakiti zake huja za tembe 6, 12, 18 na 24 kufuatana na uzito, na mara kadhaa nimeona kompyuta ikidai kwamba dawa ya mtoto wa chini ya kilo 15 imekwisha huku pakiti za tembe 24 zimejaa stoo, ilhali mkuu wa famasia angeweza kuidhinisha zigawanywe vizuri na kuandikwa upya.

Mnapolazimika kumpigia daktari, mpigieni mkiwa na suluhisho. "Daktari, dawa hakuna" humwacha akiwaza kwa ajili yako wakati ana mgonjwa mbele yake. Afadhali useme: "Daktari, samahani kwa kukukatiza. Mtoto wa kilo 12, faili inaishia na 417, umemwandikia amoksisilini ya maji nayo imekwisha. Tuna tembe za kuyeyusha za miligramu 250. Utambadilishia kwenye kompyuta sasa?" Mazungumzo hayo humalizika chini ya dakika moja, na badiliko huingia kwa jina lake, si kwa kalamu yako pembeni.

Vyeti visivyokamilika vina tabia ya kusimama pia, ingawa vinaonekana. Cheti cha mtoto kisicho na uzito hakithibitiki, kwa hiyo mwombeni muuguzi wa chumba cha vipimo asimruhusu mtoto kupita bila kupimwa. Mzani ukiharibika, hiyo ni habari ya famasia pia. Idadi ya siku ikiachwa wazi, mifumo mingine huhesabu jumla kuwa sifuri na kugoma kutoa dawa. Jifunzeni kupiga hesabu hizo kichwani: kapsuli moja kutwa mara tatu kwa siku 5 ni kapsuli 15, na kompyuta ikisema 5 au 45, kuna mtu amekosea kuandika.

Kuhusu malipo nitasema kwa ufupi. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, wagonjwa wengi wamefika madirishani wakidhani kwamba kusajiliwa kunatosha, na wengine wamekuja bila kitambulisho. Mtu huyo asaidiwe mapokezini, kabla hajamwona daktari, si baada ya dawa kufungashwa. Wenye bima za kampuni wanaotumia dawa za kudumu mara nyingi huhitaji idhini, basi waambieni waje wakiwa wamebakiwa na dawa za wiki moja, ili idhini ikichelewa wasikose hata dozi moja.

Stima nayo ina somo lake. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilipoingia gizani nilikuwa zamu, jenereta ilikataa kuwaka kwa muda, tukatoa dawa kwa mishumaa na karatasi. Kazi ya usiku ule ilikwenda vizuri. Tatizo lilitokea asubuhi, kwani vyeti vilivyokuwa vimethibitishwa kabla ya giza vilirudi kwenye orodha vikionyesha kwamba havijahudumiwa, na mwenzetu wa zamu ya asubuhi, asiyejua, akaanza kufungasha upya dawa ambazo wagonjwa walishazichukua. Tangu wakati huo nina daftari ngumu chini ya kaunta lenye namba ya faili, dawa, kiasi, saa na herufi za jina la mtoaji, na mfumo unaporudi hakuna anayehudumia mgonjwa mpya kabla mtu mmoja hajaketi kufunga kwenye kompyuta kila kilichotolewa kwa karatasi. Vilevile ulizeni mapema kama seva, yaani kompyuta kuu inayohifadhi data, iko ndani ya uwanja wa hospitali au iko mbali. Ikiwa ndani, intaneti inaweza kukatika na kazi ikaendelea. Ikiwa mbali, kukatika kwa intaneti ni sawa na kukatika kwa stima.

Mgonjwa anayetumwa kemisti za nje, iwe Kondele au mjini, apewe karatasi iliyochapishwa yenye jina la dawa lenyewe badala ya jina la kampuni peke yake, saini, muhuri na namba ya simu ya idara. Kemisti wengi hukwama kwa sababu hawana wa kumuuliza. Msikubali desturi ya kupiga picha ya skrini na kuituma kwa WhatsApp. Taarifa za afya ya mtu zimelindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na picha moja inaweza kutumika katika maduka matano. Kwa mofini na dawa nyingine zinazodhibitiwa hatari hiyo ni kubwa mno, na rejista yake ijazwe dawa inapotoka, si jioni.

Mwisho wa zamu, kabla hujavua koti, fungua orodha ya vyeti ambavyo havijatolewa na upitie kila kilichozidi nusu saa. Vingine ni vya watu waliokwenda kutafuta pesa na watarudi kesho, vingine vinasubiri simu ya daktari, na kimoja au viwili ni vya mtu ambaye bado ameketi pale kwenye benchi akingoja aitwe. Mwandikie mwenzako wa zamu ya usiku, kwa kila cheti, kimesimama wapi na kinamsubiri nani, kisha utoke nje kwenye benchi ukaite jina na namba kwa sauti.