Papa, nikikubali ukubwa, kemia yangu itakwenda wapi?

SWALI: Papa, jambo. Mimi ni mkemia, mwaka wa sita sasa niko labo ya kiwanda kimoja cha shaba hapa Lubumbashi. Wakubwa wanataka nishike uongozi wa uzalishaji. Mke wangu anafurahi, mimi nalala macho wazi. Nilisomea kemia, sikusomea faktura na ugomvi wa watu. Nikikubali, si nitakuwa nimeitupa diploma yangu?
Mkemia wa Katuba

JIBU: Mwanangu, usingizi huo naujua. Siku nilipopewa biro yenye zulia, nilibeba bureti moja, ule mrija wa kioo wa kupimia asidi, nikaifungia kabatini. Kila alasiri nilitoroka kwenda labo kupima asidi mwenyewe, huku mezani makaratasi yakirundikana. Nilijiona mwaminifu kwa kemia.

Wiki ya tatu, mzee wa elektrolisi, pale shaba inapotolewa majini kwa umeme, akaniita. Katodi, mabamba shaba inapojishikia, zilikuwa zimeota vinundu kama ngozi ya chura, vingine vimerefuka hadi kugusa anodi, mabamba ya upande wa pili wa umeme. Vijana walikuwa wakimwagia maji mapau ya shaba. Maji yakitoa mvuke, ujue hapo umeme unapita njia ya mkato. Nikapima asidi, iko sawa. Shaba, sawa. Joto, sawa. Mzee akaningoja nimalize, kisha akauliza taratibu: "Papa Direkta, unga wa guar uko wapi?"

Ni unga wa mbegu za jamii ya kunde, zinalimwa sana India. Kiasi kidogo tu kikitiwa kwenye maji ya elektrolisi, shaba inajishika laini. Bohari lilikuwa tupu. Bono, karatasi ya kuagiza kuununua, ilikuwa mezani kwangu, chini ya nyingine, haina sahihi.

Basi faktura unazozikimbia, nusu yake ni kemia.

Mtazame Carl Bosch, Mjerumani aliyeonja ufundi wa vyuma kabla ya kusomea kemia, akaingia BASF, kampuni ya kemikali, mwaka 1899. Mkemia Fritz Haber alikuwa amepata amonia, gesi ya kutengenezea mbolea, kwenye kifaa kidogo cha mezani. Bosch akaambiwa aitoe kiwandani. Mabomba yake ya chuma yakapasuka, maana hidrojeni ilikuwa ikila kaboni iliyomo ndani ya chuma. Akalivika bomba kwa ndani chuma laini kisicho na kaboni, na lile la nje akalitoboa matundu madogo, hidrojeni inayopenya ipate pa kutokea. Kiwanda cha Oppau kikaanza 1913. Mwaka 1919 akawa mkuu wa kampuni, na tuzo ya Nobel ya kemia ikamkuta 1931 akiwa kwenye kiti cha ukubwa. (Kampuni aliyoiongoza baadaye, IG Farben, ina dhambi zake za vita, hizo sizisifu.)

Kabla hujatia sahihi, omba ruhusa ya kununua kemikali za lazima bila kungoja wiki mbili, na mhasibu akae nawe mwezi mzima akufundishe kusoma hesabu. Ugomvi wa watu hauna shule, utaujifunzia humo humo. Na yule mzee wa elektrolisi, kwenu pia yupo. Kamsalimie kesho, kabla hujawa direkta wake.