Jibu: Eneo la kamera ya droni linaangukia nje ya mashamba ya mwani

Assalaam alaykum ndugu yangu. Umesema picha za Jambiani zinaonesha vigingi vya mwani wazi kabisa, lakini programu inachora eneo linaloonwa na kamera mbali na mashamba, na kadiri kamera inavyogeuka ndivyo linavyozidi kupotea.

Anza na saa, kabla hujagusa kitu kingine. Mie nilihangaika siku mbili, kumbe mahali pa droni palirekodiwa kwa saa ya GPS na mwelekeo wa kamera kwa UTC (saa ya kimataifa). Tofauti ni sekunde 18. Kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde, hiyo ni mita 180! Angalia pia zile saa 3 ambazo saa yetu ya Afrika Mashariki inaitangulia UTC.

Kisha tazama programu inavyojaza mwelekeo kati ya rekodi mbili. Kati ya nyuzi 359 na 1, wastani wa kawaida hutoa 180, kamera ikaonekana inatazama kusini ilhali inatazama kaskazini. Tumia kwatenioni (namba nne zinazoeleza mwelekeo bila kuruka kutoka 360 hadi 0).

Mwisho jaribu programu kwa kamera inayotazama chini wima, droni ikiwa mita 100 juu, pembe ya kuona ya kamera nyuzi 60. Upana wa eneo linaloonwa uwe kama mita 115. Ukipata 346, umeweka pembe nzima panapotakiwa nusu.

Lenzi ya kuvuta (zoom) sijapata kuitumia. Tuwekee mistari michache ya rekodi yako tuione.