Kocha akifutwa kazi, ufadhili haufi naye

SWALI: Kijana wangu anamaliza mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, Daraja la Kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko. Anacheza mpira wa kikapu kwa ufadhili kamili. Wiki iliyopita kocha mkuu aliyemsajili alifutwa kazi. Kuna wakala hapa Mombasa anayesema ufadhili umekwenda na kocha, kwa hiyo kijana aingie potali ya uhamisho upesi kabla nafasi hazijajaa, na akikosa chuo kipya atarudi tu alipokuwa. Anataka dola 1,500 za kumwingiza. Nusu nimeshakopa kwenye chama. Nifanye nini? — Mama wa mchezaji, Likoni

JIBU: Mama, hizo pesa zirudishe chamani. Kuingia potali hakulipiwi. Ni kanzidata ya NCAA ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, iliyoanza kutumika Oktoba 2018, na wakala hana uwezo wowote wa kuandika jina la mtu humo. Kijana anaiandikia ofisi ya kanuni katika idara ya michezo ya chuo chake, na ofisi hiyo ndiyo inayoingiza jina, kwa kawaida ndani ya siku mbili za kazi. Huyo anayetaka dola 1,500 anauza kitu ambacho mwanao anakipata kwa barua pepe moja.

Lakini pesa si jambo linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni hayo maneno mawili: “atarudi tu”. Kila msimu wa vyuo unapomalizika na makocha wakaanza kufutwa, wazazi huniletea maneno hayo hayo, wameyapata kwa watu wa aina hiyo hiyo, na mara nyingi huniletea wakati jina limeshaingia.

Ufadhili wa mwanao ni makubaliano kati yake na chuo, si kati yake na kocha. Mwambie aitoe ile karatasi aliyotia sahihi, aitume kwa simu, msome pamoja. Mtaona muda wake, kama ni wa mwaka mmoja au zaidi, na masharti ya kuupunguza au kuusitisha. Kocha ndiye aliyempendekeza, ni kweli, lakini mwenye deni ni chuo. Muda huo ukiwa haujaisha, kanuni za NCAA hazikiruhusu chuo kumnyang’anya ufadhili kwa sababu kiwango chake kimeshuka, ameumia, au kocha mpya hapendi uchezaji wake. Wakitaka kutouhuisha kwa mwaka unaofuata, utaratibu uliozoeleka ni kumwarifu kwa maandishi kufikia Julai 1 na kumweleza haki yake ya kukata rufaa, na rufaa hiyo inasikilizwa na watu wa chuo walio nje ya idara ya michezo. Hiyo ndiyo ngao yake.

Sasa tazama kinachotokea akiingia potali. Kwa kuomba jina liingizwe, anakipa chuo ruhusa ya kusitisha ufadhili wake muhula ukiisha. Chuo hakilazimiki kufanya hivyo, lakini kinaweza. Naye kocha mpya anafika akiwa na wachezaji wake anaotaka kuja nao. Tangu mapatano ya kesi ya House, kesi ya wanamichezo dhidi ya NCAA kuhusu malipo yao, yalipoidhinishwa na mahakama Juni 2025, vyuo vilivyojiunga nayo vina kikomo cha wachezaji 15 katika timu ya mpira wa kikapu. Kocha huyo anahitaji nafasi, na kumwondoa mchezaji aliyekaa kimya kuna barua, kuna rufaa, kuna minong’ono. Aliyejiingiza potali mwenyewe amemrahisishia kazi. Kijana anaruhusiwa kuliondoa jina lake potali, hilo wakala hakukosea, ila chuo hakiwajibiki kumrudishia nafasi wala ufadhili. Wengi hulijua hilo mwezi Juni, baada ya simu kuacha kulia.

Wakala atakutajia walioondoka wakafanikiwa, na ni kweli wapo. Timu ya Florida Atlantic ilifika nusu fainali ya taifa mwaka 2023. Mwaka uliofuata kocha Dusty May akahamia Michigan na kikosi kikatawanyika: Vladislav Goldin akamfuata May, Alijah Martin akaenda Chuo Kikuu cha Florida, na Aprili 2025 akatwaa ubingwa wa taifa huko. Mwaka huo huo wa 2024 kocha John Calipari aliihama Kentucky akaenda Arkansas, na Mark Pope aliyechukua nafasi yake Kentucky ikabidi aunde timu upya kabisa. Lakini hao walikuwa wamecheza mechi kubwa mbele ya nchi nzima. Vyuo vilikuwa vinawajua kwa jina na kwa takwimu kabla hawajahama. Mwanao ana dakika ngapi uwanjani kwa mechi? Sikuulizi kwa kumdharau. Kocha wa chuo kingine atakayekuta jina lake potali ataanza na swali hilo.

Mimi napenda wazazi waangalie zaidi kisa cha mchezaji RaeQuan Battle. Alikuwa ameshahama mara moja, kutoka Washington kwenda Montana State. Mwaka 2023 kocha wake Danny Sprinkle akaondoka kwenda Utah State, naye Battle akachagua West Virginia, kwa kocha Bob Huggins. Juni mwaka huo, kabla hawajacheza hata mechi moja pamoja, Huggins akajiuzulu. Kijana aliyehama kwa sababu kocha ameondoka akajikuta yuko chuo kipya ambako kocha naye ameondoka. Juu ya hayo NCAA ikamkatalia kucheza kwa kuwa ulikuwa uhamisho wake wa pili. Alikaa benchi akiwa mzima wa afya hadi Desemba 2023, mahakama ya shirikisho ya West Virginia ilipotoa amri ya muda ya kuizuia NCAA isitumie kanuni hiyo. Aprili 2024 NCAA yenyewe ikailegeza: leo mchezaji anaweza kuhama zaidi ya mara moja na kucheza moja kwa moja, mradi ametimiza masharti ya masomo. Kizuizi kile kimeondoka. Kilichobaki ni kwamba makocha huhama, na anayechagua chuo kwa sababu ya mtu mmoja anaweza kujikuta kule bila mtu huyo.

Na hayo “masharti ya masomo” mawakala huyapita mbio. Mchezaji anayeanza mwaka wa tatu anatakiwa awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake. Wa nne asilimia 60. Wa tano asilimia 80. Kwa shahada ya krediti (pointi za masomo) 120, asilimia 40 ni krediti 48. Tuseme mwanao anazo 60. Anahisi yuko salama. Chuo kipya kinazipokea zote 60 kwenye rekodi, lakini kati ya hizo ni 42 tu zinazohesabika kwenye shahada anayoweza kuisoma kule, kwa sababu hawana kozi yake au mtaala wao unadai masomo mengine. Sasa ana 42 badala ya 48 na hawezi kucheza mpaka azifidie, labda kwa masomo ya kiangazi, na mnatakiwa mjue mapema atakayeyalipia. Kwa hiyo kabla ya kukubali chuo chochote, aombe tathmini ya krediti kwa maandishi, shahada ikitajwa kwa jina. Neno la kocha msaidizi kwenye WhatsApp si tathmini.

Kuhusu tarehe nitasema machache, maana hubadilishwa karibu kila mwaka. Dirisha la kawaida la uhamisho, yaani kipindi ambacho jina linaweza kuingizwa potali, lilikuwa siku 60, likawa 45, likawa 30, na kubadilishwa hakujaisha. Kocha mkuu akiondoka kuna dirisha maalumu kwa wachezaji wake. Kwa kocha msaidizi halipo. Mwanao aiulize ofisi ya kanuni, kwa barua pepe, dirisha lake linafunguliwa siku gani na kufungwa siku gani. Kuuliza si kuingia. Na kikubwa: asiamue kabla hajakaa na kocha mpya uso kwa uso. Aulize anamwona katika nafasi gani na kama ufadhili wake utahuishwa, kisha akitoka hapo aandike alichoambiwa. Kocha akimwambia wazi kwamba hatamchezesha, basi kuhama kunaweza kuwa uamuzi wa busara, nami nitakuwa wa kwanza kumsaidia kuandaa video na orodha ya vyuo. Kuhama kwenyewe sikupingi. Ninachopinga ni mtoto kuhamishwa kwa hofu ya kutungwa.

Kuna jambo linalowahusu vijana wetu peke yao, ambalo mwenzake Mmarekani wa Indiana hana haja ya kuliwaza. Mwanao yuko Marekani kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi. Rekodi yake ya uhamiaji inashikiliwa na chuo. Akihama, mshauri wa wanafunzi wa kigeni wa chuo cha sasa lazima aihamishe rekodi hiyo kwenda chuo kipya kwa tarehe mtakayokubaliana, kisha chuo kipya kinatoa fomu mpya ya I-20, ile inayothibitisha kwamba ni mwanafunzi wao. Masomo mapya nayo hayawezi kungoja mpaka apendapo: yanatakiwa kuanza ndani ya miezi mitano. Kijana aliyesitishiwa ufadhili, hana chuo kipya, na Agosti inaingia, ana tatizo la uhamiaji ambalo hakuna kocha awezaye kulitatua. Asijiondoe masomoni kabla ya kuzungumza na mshauri huyo, na kama rekodi inahamishwa asipande ndege kuja nyumbani bila I-20 ya chuo atakakorudi.

Wakala wako hajataja pesa za jina na sura, yaani malipo ya matangazo anayopata mchezaji kwa kutumia jina na sura yake, lakini atazitaja ukisita. Atasema vyuo sasa vinalipa wachezaji. Ni kweli, tangu Julai 1, 2025 vyuo vilivyojiunga na yale mapatano vinaruhusiwa kugawana mapato na wanamichezo, kwa mwaka wa kwanza hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo, kwa michezo yote. Ila viza ya F-1 inabana sana kazi ya malipo. Muulize Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi: alikuwa mchezaji bora wa taifa mwaka 2022 akiwa Kentucky, jina lake liko kila mahali, na bado ilibidi asubiri safari ya timu kwenda Bahamas Agosti ile ndipo afanye matangazo nje ya ardhi ya Marekani. Kama yeye alibanwa hivyo, mwanao asitie sahihi mkataba wowote wa pesa kabla mwanasheria wa uhamiaji hajausoma.

Wazazi wengine mnaosoma hapa, hasa wenye vijana wa sekondari wanaotazamwa kwenye mashindano ya shule, wekeni hili akilini mapema. Kwa miaka mingi kanuni za NCAA zimemhesabu kuwa wakala mtu anayelipwa kwa kumtafutia kijana nafasi ya ufadhili chuoni, na kujihusisha naye kunaweza kumgharimu kijana haki ya kucheza. Anayestahili kulipwa hudai malipo ya kazi inayoonekana: kuhariri video, kutafsiri vyeti, mafunzo ya SAT, mtihani wa kujiunga na vyuo vya Marekani. Hana “nafasi” mkononi ya kuuza. Akikuambia nafasi inafungwa leo saa kumi jioni, mwombe jina la mtu wa chuo aliyemwambia, upige simu mwenyewe. Na akiomba nywila ya barua pepe ya chuo ya mtoto ili “amjazie fomu”, kata simu, kisha mtoto abadilishe nywila hiyo usiku huo huo na aiarifu ofisi ya kanuni, maana ombi la potali likitumwa kutoka kwenye barua pepe yake, chuo kitalishughulikia kama ombi lake mwenyewe.