Kisigino hakigusi chini

Safu ya Mama Viungo: maswali yenu kuhusu mifupa, misuli na maungio

SWALI: Shikamoo Mama Viungo. Nina miaka 29, nakaa Nyakato, nafanya biashara ya mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki. Miezi 14 iliyopita nilikwenda Istanbul nikarefushwa miguu, chini ya magoti, sentimita 6. Nilikuwa na sentimita 163, sasa nina 169. Vyuma bado viko ndani. Zamani nusu marathoni ya Rock City nilikuwa namaliza kwa saa 1 na dakika 48. Sasa nikitoka Kamanga kuelekea Capri Point, mita 300 tu hoi: visigino havigusi chini, vigimbi vinakaza kama kamba ya mtumbwi, goti la kushoto linauma kwa mbele. Vijana wa bodaboda wananiita kuku aliyekanyaga makaa. Nyumbani niliwaambia niligongwa na gari nikiwa safarini. Hata mtaalamu wa mazoezi tiba anayenihudumia anajua ni ajali. Mama, nitakimbia tena?
Mfupi wa Zamani, Nyakato

JIBU: Marahaba mwanangu. Kukimbia utakimbia, lakini kilichonishtua katika barua yako ni hiyo ajali ya gari. Wa nyumbani waambie utakavyo. Mtu anayeshika mguu wako kuutibu ukimdanganya, anautibu mguu wa mtu mwingine.

Nimefanya kazi hii miaka mingi hapa Mwanza, na wengi niliowahudumia ni majeruhi wa bodaboda. Mtu wa ajali mfupa wake umevunjika, misuli yake imebaki na urefu ule ule. Tukishamuondolea magongo, kazi kubwa ni kumrudishia nguvu. Wewe ni kinyume chake. Mfupa wako wa muundi ulikatwa kwa makusudi, ukaachwa siku chache uanze kuunga, kisha ukavutwa taratibu, kwa kawaida milimita 1 kwa siku, tena kwa vipande vya robo robo. Kanuni hiyo tuliipata kwa daktari Gavriil Ilizarov wa Kurgan, huko Siberia, aliyeanza miaka ya 1950 kwa fremu ya pete na waya akiwatibu watu ambao mifupa yao ilikataa kuunga. Kwako wewe ni kama siku 60 za kuvutwa. Mfupa una tabia nzuri: ukivutwa polepole unajaza pengo. Kigimbi na kano ya kisigino havina ukarimu huo. Vinavutika kwa shingo upande na kubaki vifupi kuliko mfupa mpya, ndipo kisigino kinaning'inia.

Sasa mtaalamu wako, akiamini ni ajali, bila shaka anakupa kuchuchumaa na kupanda ngazi. Unakazia nguvu msuli ambao bado haujafikia urefu wake. Mpelekee makaratasi yote ya Istanbul: tarehe ya upasuaji, siku ya mwisho ya kuvutwa, aina ya chuma. Hatakucheka. Akikucheka, tafuta mwingine.

Kabla ya hatua yoyote ya mbio, piga eksirei mpya, ya mbele na ya ubavuni. Katika picha hizo mbili daktari anahesabu kuta nne za mfupa mpya, na wengi hutaka kuona angalau tatu zimekamilika. Miezi 14 ni mingi, lakini miguu haifuati kalenda, na miguu miwili ya mtu mmoja huweza kupishana. Chuma kinaweza kukubebea uzito wakati mfupa bado ni laini, ukajiona mzima mpaka siku kinapopinda au kukatika. Picha hizo mtumie na aliyekupasua.

Wakati unasubiri majibu, jipime. Vua viatu, simama mbele ya ukuta, piga goti mpaka liuguse ukuta huku kisigino kikiwa chini. Rudisha mguu nyuma kidogo kidogo, ukome pale kisigino kinapotaka kunyanyuka. Pima kutoka kidole gumba hadi ukutani. Mtu ambaye kifundo chake hakina shida hufika karibu sentimita 10. Ukishindwa hata kugusa ukuta kidole kikiwa kimeubana, usijilaumu, andika sifuri. Kisha fanya mguu wa pili.

Kigimbi kina misuli miwili mikubwa. Mmoja unaanzia juu ya goti, mwingine chini yake. Ukijinyoosha goti likiwa limenyooka tu, umemhudumia mmoja. Kwa hiyo nyoosha goti likiwa limenyooka, halafu rudia likiwa limekunjwa kidogo, sekunde 30 hadi dakika moja kila mara, mara nyingi kwa siku, asubuhi, dukani, usiku. Wenzetu wa nchi nyingine hununua ubao wa mteremko. Sisi Mwanza tukose nini, jiwe? Tafuta lenye mteremko mdogo uani kwako, simama ukielekea upande wa juu wa mteremko, egemea ukuta, subiri. Usidunde dunde. Kuvuta kwa nguvu mpaka machozi nako sikutaki, kano si mkia wa sangara.

Goti linalouma mbele lina sababu mbili ninazozishuku. Chuma cha muundi huingizwa kupitia mbele ya goti, na maumivu ya hapo baada ya upasuaji wa aina hiyo ni ya kawaida sana. Ya pili ni kisigino chenyewe: kisipofika chini, goti linasukumwa nyuma kila hatua, linachoka.

Nguvu ije baada ya hapo. Simama kwa mguu mmoja, panda kwa vidole, shuka polepole. Siku utakapofanya 20 kila mguu bila kuyumba, na ukatembea haraka nusu saa bila kuchechemea na bila maumivu kesho yake, ndipo tuongee mbio. Anza dakika moja kukimbia, mbili kutembea, kwa dakika 20, siku moja ndiyo nyingine hapana, mahali tambarare. Mlima wa Bugando uache kwanza, maana kupanda kunadai kifundo kinachokunjika, na chako hakikunjiki.

Kuna waliokushauri ukimbie majini? Wazo ni zuri, ila liwe bwawa la hoteli. Ziwani pembeni kuna kichocho, na mimi sitaki kukutibu vitu viwili.

Usiningojee mimi wala safu hii kama unashindwa kunyanyua dole gumba la mguu, mguu unaburuta, au mfupa unauma usiku ukiwa umelala. Mshipa wa fahamu nao ulivutwa, na huo unahitaji daktari upesi. Na miezi ya kunyoosha kwa bidii ikipita bila kipimo cha ukutani kusogea, daktari anaweza kupendekeza kurefusha kano kwa upasuaji. Kunasaidia kisigino kushuka, lakini hupunguza msukumo wa mguu, jambo ambalo mkimbiaji atalihisi. Ndiyo maana nakutaka kwenye jiwe kwanza.

Saa 1 na dakika 48 siwezi kukuahidi. Valeriy Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu mwaka 1964, aliumia vibaya mguu kwa pikipiki mwaka 1965, akafika kwa Ilizarov baada ya operesheni nyingi kushindwa. Aliruka tena zaidi ya mita 2. Rekodi yake ya mita 2.28 hakuifikia tena. Na huyo alikuwa bingwa wa Olimpiki, hakuwa na mabondo ya kuuza. Kumbuka pia vyuma vikitolewa, matundu ya skrubu huudhoofisha mfupa kwa muda, utasimamishwa wiki kadhaa tena. Basi panga na daktari lini vinatoka kabla hujajiandikisha mbio zozote.

Kuhusu nyumbani, sitaingilia. Ila mama yako ndiye aliyekuwa akikukunjia pindo za suruali za shule. Sina hakika nani anamdanganya nani hapo.

Ukipata picha niandikie tena, na kipimo cha ukutani, kulia peke yake, kushoto peke yake.